Mpishi wa Shule Anayewaandikisha Marehemu wa Ambrey

Saa nane na dakika arobaini mchana, Vernell Tisdale anavua aproni yenye madoa ya mchuzi wa nyanya, anaikunja mara nne na kuitia ndani ya mkoba. Anatoka kwa mlango wa nyuma wa jiko la shule na kuvuka barabara. Hasubiri magari yapite. Magari ndiyo yanayomsubiri.

Upande wa pili, ndani ya ukumbi wa kanisa, watu wanne wamekwisha kuketi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na bahasha yake mapajani.

"Hamjambo wagonjwa wangu," anawaambia, na wanacheka kwa sababu huwaita hivyo kila mwaka. "Nani anaumwa zaidi?"

Vernell ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na minane amewapikia watoto wa shule ya msingi ya Ambrey, hapa Mississippi, na kwa kazi hiyo sasa analipwa dola kumi na tatu na senti arobaini kwa saa, miezi tisa ya mwaka. Ile mitatu mingine wakubwa wanadhani mpishi hali.

Kuanzia mwisho wa Januari hadi tarehe kumi na tano Aprili, kila alasiri, hujazia watu fomu za kodi. Anatoza dola arobaini. Kampuni mbili zenye mabango ya rangi pale mjini zinatoza hadi mia tatu na hamsini, zinakupa na peremende. Aliyefiwa, Vernell hamtozi kitu.

Na waliofiwa ndio waliomfanya ajulikane. Ukifika mezani pake hakuulizi una watoto wangapi. Anauliza hivi: mwaka uliopita ulianza nyumbani kwako na watu wangapi, nani aliingia, nani akatoka?

Mgonjwa wa kwanza leo ni Lucius Crume, fundi wa matrekta aliyestaafu. Amekuja kutangaza kwamba anaishi peke yake na kwamba ana haraka.

"Mwaka ulianza na wangapi?" Vernell anamuuliza.

"Wawili."

"Nani alitoka?"

"Dada yangu. Mwezi wa pili."

"Alikuwa anakula kwako?"

"Alikuwa anakula mpaka ya kwangu."

Mpaka wale wa nyuma wanacheka. Vernell anaandika jina la dada mtu kwenye mstari wa wategemezi, na mzee anainama kutazama kama mtu anayechungulia karata za mwenzake. Anasema alidhani mtu akifa Februari anakuwa wa Mungu mwaka mzima.

"Wa Mungu ni kweli," Vernell anamjibu. "Kwenye fomu ni wako."

Sheria yenyewe haina fumbo. Mtu uliyekuwa unamlisha na kumtunza, akifa ndani ya mwaka, anahesabiwa kwako kwa mwaka mzima na kodi yako inapungua, hata kama alikufa mwezi wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa hai naye anahesabiwa, hata kama alivuta pumzi moja tu. Imechapishwa kwenye kijitabu cha serikali kinachotolewa bure, tangu zamani. Hawakuificha. Waliiacha tu ikae kimya, wakijua ni nani hana muda wa kusoma.

Vernell aliisoma kwa hasira. Baba yake, Cleotha, dereva wa mashine ya kuvuna pamba, aliugulia nyumbani kwa bintiye miaka mitatu, akafa tarehe tisa Januari 1994. Mwaka uliofuata Vernell alikwenda kwenye ofisi moja ya kodi, na kijana aliyevaa tai akamwambia siku tisa si mwaka. Akamfutia baba yake mbele ya macho yake, kwa wino mwekundu.

"Nikamwambia asante," anasema Vernell. "Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilimshukuru."

Miaka minne baadaye, akisubiri stempu posta, aliokota kijitabu kile ili ajipepee. Akakuta mstari unaosema kinyume cha yale aliyoambiwa. Alikisoma chote kwa majuma sita, wakati wa mapumziko, huku akingoja mkate wa mahindi uive. Alipokwenda kudai, aliambiwa mtu ana miaka mitatu tu ya kurekebisha fomu ya zamani, na yake ilikuwa imepita. Dola mia sita na kitu. Yule wa tai alikwishahamia mji mwingine.

Tangu hapo amewaandikisha marehemu mia mbili na kumi na nne, kwa hesabu ya daftari lake: wazazi, mashangazi, wajukuu, bibi mmoja wa miaka mia na mbili. Hakuna aliyempa taabu kama mtoto wa Latrice Bogan.

Latrice ana miaka ishirini na minne. Anafanya kazi kiwandani, kwenye mstari wa kuchuna na kukata kambare, na anaishi na mama yake, Earlene, na mwanawe wa kiume wa miaka minne. Alikuja ukumbini mwisho wa Januari, mama yake akiwa ndiye dereva. Vernell aliuliza swali lake. Latrice akasema mwaka ulianza na watu watatu.

Aliingia nani? Earlene akajibu upesi kwamba hakuna aliyeingia. Vernell akaweka kalamu chini.

"Aliingia mmoja," Latrice akasema. "Hakukaa."

Vernell alijua kuna mtoto aliyezikwa Juni. Yeye mwenyewe alipeleka sufuria ya mboga na nyama kwenye ule msiba. Lakini aliambiwa, kama mji mzima ulivyoambiwa, kwamba mtoto alizaliwa amekufa. Na aliyezaliwa mfu, kwa sheria ya kodi, hahesabiwi. Ndiyo maana alimuuliza Latrice jambo moja tu: alilia?

"Alilia. Yule mama wa gari la wagonjwa akaniambia, huyu wako ana hasira."

Tuseme mambo kama yalivyo. Hospitali ya wilaya yetu ilifunga wodi ya wazazi miaka tisa iliyopita. Walituita mkutanoni, wakatupa juisi, wakasema ni kwa muda. Tangu siku hiyo mwanamke wa Ambrey akishikwa na uchungu anasafiri kilomita sitini na moja, na wengine hawafiki. Latrice hakufika. Alijifungua ndani ya gari la wagonjwa, kando ya shamba la maharage ya soya, mtoto wa kike, mimba ikiwa ya miezi saba na nusu. Walipofika hospitalini mtoto alikuwa amekwisha kukata roho, na daktari, kama ilivyo desturi yao kwa anayeletwa amekufa kutoka barabarani, akamwachia mzishi karatasi ajaze.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na sisi tu, kwa sababu lilifanywa kwa wema.

Mzishi wetu ni Purvis Gaddis, mwenye nyumba ya mazishi aliyoirithi kwa baba yake. Baba yake aliweka desturi: mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa bure, kwenye kisanduku cheupe, kwenye mstari ulio kando ya ua wa kanisa. Lakini mtoto aliyepumua, hata dakika moja, anadai cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo, saini, ada, na kaburi lake kamili. Jumla dola elfu moja na mia moja. Kwa hiyo kwa miaka mingi bibi wa mtoto humsogelea Purvis mlangoni na kumwambia kwa sauti ya chini, hakupumua. Purvis haulizi. Anaandika mfu.

Earlene alifanya hivyo hivyo asubuhi ile, binti yake akiwa bado amelala kwenye kitanda cha hospitali.

Mstari ule wa uani una vibao arobaini na kimoja visivyo na majina. Purvis mwenyewe anakiri kwamba baadhi ya watoto hao walilia kabla ya kufa. Na wale waliofunga wodi walirudi mkutanoni mwaka wa tatu na karatasi zao, wakatuonyesha kwamba vifo vya watoto wachanga wilayani havikuongezeka hata kimoja. Tulikaa pale tukakuna vichwa. Vingeongezeka vipi? Tulikuwa tunavificha wenyewe, kwa huruma, ndani ya visanduku vyeupe.

Vernell hakuwahi kuunganisha mambo hayo mpaka Latrice alipoketi mbele yake. Anasema aliona aibu kwanza, kisha akaona kazi.

Alimwelekeza Latrice aandike barua kuomba karatasi ya safari ya gari la wagonjwa. Mama wa mtoto ana haki nayo. Ilikuja baada ya siku kumi na moja, na ilikuwa wazi kuliko walivyotumaini. Kuzaliwa, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri. Amelia. Moyo unapiga. Moyo kusimama, saa kumi na moja na dakika thelathini na nane.

Dakika ishirini na sita.

Lakini ofisi ya vyeti ya jimbo ilikuwa tayari na karatasi nyingine, yenye saini ya Purvis, inayosema mtoto hakuwahi kuwa hai. Ili ifutwe, Purvis na Earlene walipaswa kula kiapo na kuandika kwamba walisema uongo. Bila hivyo, hakuna cheti. Bila cheti, hakuna mstari kwenye fomu.

Walikutana ukumbini Alhamisi moja ya Februari. Purvis, mtu wa miaka sabini na mmoja anayevaa suti hata akienda kununua mafuta ya gari, aliketi na kofia gotini. Alieleza kwa kirefu habari za baba yake, umaskini wa miaka ile, na jinsi hajawahi kumtoza mjane riba. Vernell alimwacha amalize.

"Wanaweza kuninyang'anya leseni, Dada Vernell," akasema mwishowe.

"Wanaweza."

"Ukifungua kaburi hili moja, umefungua yote."

"Sasa wewe ulidhani nimekuita tunywe kahawa?"

Purvis akamgeukia Earlene kutafuta msaada. Earlene alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akaanza kusema kwamba huu mji unajua yeye si mwongo, kwamba ameimba kwaya miaka thelathini, kwamba fedha hizo hazikuwapo na zisingepatikana, na kwamba kama kuna mtu mwenye dola elfu moja na mia moja ya kumzikia mtoto basi asimame aonekane. Hakuna aliyesimama. Akamwambia Vernell kwamba watu wa vitabu wana maneno mengi lakini siku ya msiba huwaoni.

"Siku ya msiba nilileta sufuria," Vernell akasema. "Na hujairudisha."

Hata Purvis aliziba mdomo kwa kofia. Earlene naye alitaka kucheka akashindwa, na pale aliposhindwa ndipo binti yake alipozungumza, kwa mara ya kwanza tangu waketi.

"Mama, ulitaka kuniokoa na deni, najua. Lakini mimi siku ile sikuwa nafikiria deni. Nilikuwa nangoja mtu aniulize anaitwa nani."

Earlene akamgeukia binti yake.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Oralee. Kama bibi."

Oralee ni jina la mama yake Earlene. Earlene akafungua mkoba, akatoa miwani, akavuta ile hati ya kiapo na kutia saini bila kusoma. Vernell akamrudishia, akamwambia asome kwanza, hapa hatutii saini tusichosoma. Akasoma, midomo ikitikisika, akatia saini mara ya pili chini ya ile ya kwanza.

Purvis alichukua muda zaidi. Aliomba jina kamili, na tahajia yake. Oralee Denise Bogan. Akaliandika kwa mwandiko ule mzuri anaoutumia kwenye ratiba za mazishi, kisha naye akatia saini. Vernell akamwonya asije akamtumia Latrice bili ya lile kaburi, na Purvis akasema hajafika huko bado.

Mpaka tunakwenda mitamboni, jimbo halijamwandikia barua yoyote kuhusu leseni yake.

Vyeti vilikuja Jumatatu ya wiki hii, vyote viwili katika bahasha moja, cha kuzaliwa na cha kifo, vyenye tarehe moja. Latrice alivisomea ndani ya gari, nje ya kiwanda, akarudi kwenye mstari wa kambare na kumaliza zamu yake.

Leo ameingia ukumbini saa kumi kasoro, bado amevaa buti za mpira. Mzee Crume amemaliza lakini hajaondoka. Haraka yake imekwisha ghafla. Vernell anatandaza fomu mezani. Hii haitumi kwa kompyuta. Itakwenda kwa posta, na nakala ya cheti nyuma yake, ili mtu wa mikono na macho aifungue.

Jina la kwanza kwenye wategemezi ni la mwanawe wa kiume, na namba yake ya hifadhi ya jamii. Jina la pili ni la Oralee. Kwenye kisanduku cha namba hakuna kitu, kwa kuwa mtoto wa dakika ishirini na sita hakuwahi kupewa namba.

"Kijitabu kinasema hapo unaandika nini?" Latrice anauliza.

"Unaandika alikufa."

"Basi?"

"Basi. Hawawezi kukuruhusu uandike hivyo kwa mtu ambaye hakuishi. Ukiandika hapo, nao wakapokea, wamekubali." Vernell anamsogezea kalamu. "Zote nimejaza mimi. Hilo andika wewe."

Latrice anaandika polepole, kwa herufi kubwa. Herufi ya mwisho inagusa ukingo wa kisanduku. Anauliza kama itakataliwa kwa sababu hiyo. Vernell anamwambia wajaribu.

Marejesho yake ya kodi yataongezeka kwa zaidi ya dola elfu mbili kwa ajili ya mtoto huyu. Tulipomuuliza atazifanyia nini, alitutazama kama tumemuuliza mambo ya kitoto.

"Gari langu halina breki," alisema. "Msidhani sitazitumia. Nitazitumia mpaka senti. Na kile kibao pale uani kitaandikwa jina, hilo halina mjadala."

Mama yake hakuja leo. Yuko nyumbani na mjukuu. Amemtuma Latrice na sufuria, imesuguliwa mpaka inang'aa, na Vernell ameipokea na kuiweka chini ya meza.

Wagonjwa wawili wa mwisho wanapotoka, Purvis Gaddis anaingia. Amevua kofia tangu mlangoni. Kwapani ana kitabu kikubwa cha jalada jeusi, cha nyumba yake ya mazishi, na anakiweka juu ya karatasi za Vernell bila kuomba ruhusa.

Anasema amekesha nacho siku tatu. Ameweka vipande vya utepe kwenye kurasa. Kuna watoto watano ndani ya miaka mitatu iliyopita ambao anajua walipumua, kwa sababu bibi zao walimwambia hakupumua kabla yeye hajauliza. Kuna wengine sita wa kabla ya hapo. Zaidi ya hao hana uhakika, na hataki kuapa kwa asichokijua.

Vernell anavaa miwani. Anapitisha kidole kwenye majina ya akina mama, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa mwanafunzi wake wa foleni ya chakula, mtoto asiyependa karoti. Mwingine amehamia Memphis, lakini dada yake yupo.

Hao watano, anasema, bado wana muda wa kurekebisha fomu zao. Mmoja ana mpaka tarehe kumi na tano Aprili tu, kwa hiyo wataanza naye Jumamosi hii.

"Na wale sita?" Purvis anauliza. "Hao pesa zao zimeshapita."

"Pesa zimepita. Cheti hakipiti. Tutawafikia wote." Anafunga kitabu. "Nikishapata kumi na mmoja wenye vyeti, nitawaita wale mabwana wa juisi waje tena mkutanoni na hesabu zao. Safari hii juisi nitaleta mimi."

Purvis anasema wale akina mama wanaweza kumfungia mlango. Baadhi yao aliwaambia yeye mwenyewe kwamba ni afadhali hivyo, kwamba watasahau upesi.

"Wengine watakufungia," Vernell anakubali. "Ndiyo maana utaendesha gari wewe, halafu hodi nitapiga mimi. Ukiitwa ndani, ingia, uwaulize majina ya watoto wao. Beba na kalamu."